Siku Baba Mkwe Aliponiita kwa Jina

Baba mkwe wangu aliponiita kwa jina langu, nilijua anakufa.

Usinicheke kwanza. Kwa wazee wa kijiji cha Kate, alikozaliwa mume wangu, baba mkwe hamwiti mke wa mwanawe kwa jina. Mimi ni Winifrida, nina saluni ya kusuka nywele pale Milanzi, hapa Sumbawanga mjini, na wateja wangu wananiita Wini, mama saluni, domo, na mengine wanayosema nikiwa nimegeuka. Lakini Mzee Leonardi, tangu niolewe na Vicent, hakuwahi kulitamka jina langu. Kabla sijazaa aliniita "wewe wa nyumbani". Nilipomzaa Obed nikawa Mama Obed, na mzee akaonekana amepumua. Nikimsalimia nachuchumaa mbali kidogo, napiga makofi taratibu, natoa shikamoo yangu, naye anaitikia huku anaangalia pembeni. Kiti alichokikalia sikikalii. Chakula namtengea, naondoka. Hakuna chuki hapo. Ndiyo heshima yenyewe, na mimi na domo langu lote nimeizoea na ninaipenda.

Basi asubuhi ile naingia wodi ya wanaume na chupa yangu ya uji, nachuchumaa nisalimie, mzee ananitazama usoni moja kwa moja, anatabasamu.

"Winifrida," akasema. "Njoo ukae hapa kitandani, unishike mkono."

Chupa ilinitoka, uji ukamwagika mpaka chini ya kitanda cha jirani. Sikuokota. Nilitoka mbio kwenye korido, kanga inanivuka, namtafuta daktari.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana nikieleza kwa pupa namna hii utanipotea.

Mzee alikuwa amelazwa kwa sababu ini lake limesinyaa. Tumbo lilimjaa maji, miguu ikavimba, macho yakawa ya njano. Watu wa Kate walishahukumu kwamba ni pombe ya ulezi, wakati yeye aliiacha tangu Vicent akiwa shule ya msingi. Vipimo vikaonyesha kirusi cha homa ya ini, alichoishi nacho miaka mingi bila kujua. Mama mkwe alishafariki. Mawifi zangu walikuwa shambani, mahindi yamekauka na hayangoji mtu. Vicent ni dereva wa lori, na wiki ile alikuwa amekwama na mzigo barabara ya Kigoma, gari limekata ekseli. Aliyebaki mjini ni nani? Mimi. Nikafunga saluni, nikahamia hospitali.

Daktari wetu alikuwa Munira, binti mdogo wa mjini hapahapa, kwao wana duka la vyombo karibu na stendi. Siku ya kwanza alinivuta pembeni akaniambia ukweli bila kuuzungusha, na mimi watu wa namna hiyo ndio ninaowapenda.

"Mama Obed, ini la mzee lina makovu, na makovu hayo hatuwezi kuyafuta. Lakini mtu mwenye ini la hivi anaweza kuishi nalo. Wanaotufia hapa wodini huwa wanaondokea kwenye milango ileile. Wa kwanza ni kutapika damu. Wa pili, maji ya tumboni kuingia vijidudu, homa ikapanda. Wa tatu, figo kugoma. Wa nne ni kichwa kuvurugika, mtu akaanza kuongea visivyoeleweka. Kazi yetu ni kuilinda hiyo milango. Wewe uko naye kutwa nzima, utaona kabla yangu. Ukiona chochote, usingoje nipite, nifuate."

Nikamuuliza kichwa kinaingiaje kwenye ugonjwa wa ini. Akasema ini zima huwa linasafisha sumu inayotoka tumboni. Likishindwa, sumu inapanda kichwani. Kwa hiyo mzee atapewa dawa ya maji, nzito na tamu, ya kumfanya apate choo mara mbili au tatu kila siku ili sumu itoke. Akikosa choo, hatari. Nikaitikia kwa kichwa. Mtu mzima kama mimi nitashindwa kusimamia chupa ya dawa?

Nikaisimamia kweli. Kila saa ya dawa ilipofika nilipima kwenye kikombe, nikaweka juu ya kabati lake dogo, nikatoka nje, maana sikukaa pale kumwangalia mkwe wangu akinywa. Nikirudi, kikombe kitupu. Daktari akipita na kumuuliza, "Mzee, choo unapata?" mzee alijibu vizuri kabisa, "Mara tatu, mjukuu wangu, nashukuru." Akawasalimia manesi wote, akawauliza habari za nyumbani kwao. Wodi nzima ikampenda. Mimi nikawa natembea kifua mbele kama nimemponya kwa mikono yangu.

Kitu kimoja tu kilinisumbua, dirisha. Unaijua Sumbawanga mwezi wa saba. Upepo ule unakata mpaka mfupa, watu wanavaa makoti mchana kweupe. Mzee Leonardi kitanda chake kiko dirishani, na dirisha hataki lifungwe. Nikifunga, nikirudi nakuta limefunguliwa. Jirani yake analalamika, mzee anajibu kwamba watu wa Kate wamezoea hewa. Nikasema moyoni, wazee na mambo yao.

Na kulikuwa na mtu mwingine wa kunipandisha hasira kwenye korido ile, mfugaji mmoja wa Kisukuma kutoka upande wa Ilemba, jitu refu na fimbo yake, jina lake Mathias. Alikuwa anauguza kwenye wodi ya wanawake, lakini haingii. Anasimama katikati ya mlango, mgongo ameugeuzia wodini, uso kwenye korido, watu wote wanapita kwa kujibana. Siku moja nilimgonga na ndoo yangu ya maji.

"Kaka, wewe ni mgonjwa, muuguzaji, au ni komeo la mlango?"

"Samahani, dada," akasema, akasogea hatua moja, kisha nilipopita akarudi palepale.

Nikasonya, nikaenda zangu. Sikujiuliza kwa nini mtu mzima anasimama kinyumenyume. Ningejiuliza, ningekuwa nimeokoa muda.

Sasa turudi asubuhi ile ya uji.

Nilimkuta Daktari Munira anavaa glovu kwa mgonjwa mwingine. Nikamwambia, "Daktari, njoo. Mkwe wangu ameniita Winifrida." Akanitazama, nikaona hajaelewa. Ni mtoto wa mjini, kwao mambo haya yana sura nyingine. Nikamweleza haraka, maneno yananigongana mdomoni: hajawahi, hawezi, huyu mzee angekatwa mguu kabla ya kunishika mkono. Hapo akavua glovu, tukaenda mbio wote wawili.

Daktari akamwambia mzee anyooshe mikono mbele, viganja vimetazama mbele kama anayesimamisha gari. Mikono ikawa inaanguka na kurudi, inapepea yenyewe. Akamuuliza yuko wapi. Mzee akasema yuko Kate, anangoja ng'ombe waingie zizini. Akamuuliza mimi ni nani.

"Winifrida," mzee akasema, na akacheka.

Nilisikia baridi mgongoni, na haikuwa ya dirisha.

"Ni mlango wa nne," daktari akaniambia. "Lakini haufunguki hivihivi, kuna kitu kimeusukuma." Akaanza kukitafuta, na mimi nyuma yake. Akapima homa, hakuna. Damu hakutapika. Akachomoa maji kidogo tumboni, akayapeleka maabara mwenyewe, akarudi na majibu kwamba ni safi. Figo bado zinafanya kazi. Akainua chupa ya dawa tamu, akaitikisa, imekaribia kuisha kama ilivyotakiwa.

"Choo anapata?"

"Si anakuambia mwenyewe, mara tatu."

"Wewe umeona?"

Ningeonaje? Mimi nimuulize baba yake Vicent habari za chooni? Daktari akauma midomo. Akasema asipoamka vizuri itabidi kufikiria kumpeleka Mbeya, na safari ile kwa hali ile hataiweza.

Simu ikaita. Wifi yangu mkubwa, Redempta, kutoka Kate, alishapata habari sijui kwa nani kwamba baba anaongea ovyo. Akasema wanakodi gari waje wamchukue, afie nyumbani kwake, na kama kuna mkono wa mtu wataujua hukohuko.

"Wifi, msilete gari."

"Wewe ni nani wa kutuzuia? Anasema nini huyo baba?"

"Ameniita jina," nikasema.

Upande wa pili nikamsikia analia. Alielewa papo hapo, bila daktari wala kipimo. Nikamwambia nitampigia, nikakata simu, nikamkatia wifi yangu mkubwa, jambo ambalo mpaka leo nakumbushwa kwenye kila sherehe.

Mzee alikuwa anatetemeka. Nikaenda kufunga lile dirisha kwa hasira zangu zote. Nikashika ukingo wake, mkono ukanata. Nikautazama. Sisimizi. Msururu wa sisimizi unatoka ukutani, unapanda ukingo wa dirisha, unashuka nje. Nikatoa kichwa nje. Majani yaliyo chini ya dirisha letu yalikuwa yanang'aa kwa unato, na juu yake sisimizi wamejaa, jeshi zima, wanasherehekea.

Nikaonja kidole changu. Tamu.

"Daktari," nikasema, na sauti ikanitoka kubwa mpaka wodi nzima ikageuka. "Anaimwaga. Dawa yote anaimwaga dirishani."

Munira akaja akachungulia. Akanishika bega. Nadhani tulibaki tumeinama pale dirishani tunatazama sisimizi kama watu waliookota dhahabu. Tulilinda milango minne, mzee akatumia dirisha.

Na papo hapo nikajua sababu, nikajikuta nataka kulia na kucheka kwa pamoja. Dawa ile inamfanya mtu aende chooni mara kwa mara. Miguu imevimba, kufika chooni peke yake hawezi. Angemshika nani begani? Nani angemwekea beseni, nani angembadilishia shuka? Mimi, mkwe wake. Mzee Leonardi alipima mambo mawili, kichwa chake na heshima yangu, akachagua kumwaga dawa. Na alipoulizwa akadanganya kwa adabu, mara tatu, mjukuu wangu, nashukuru. Nilimkasirikia sana na nilimpenda sana, vyote kwa wakati mmoja.

"Vizuri," Munira akasema, na macho yake yalikuwa yanawaka. "Hili lina dawa. Tunamwosha tumbo kwa njia ya nyuma sasa hivi, na dawa nyingine tunapitisha kwa mpira wa puani. Lakini kutakuwa na kazi, Mama Obed. Atachafuka, atageuzwa, atasafishwa, tena na tena. Nesi ni mmoja na wodi imejaa. Nahitaji ndugu wa kushika."

"Mimi hapa," nikasema, nikaanza kukunja mikono ya sweta.

Nikasimama. Nikamtazama mzee. Sasa hivi hajui kitu, ningemgeuza na asingenikataza. Lakini akiamka? Siku akili ikirudi, akijua kwamba mimi ndiye niliyemgeuza, ataimwaga tena, na safari ile atatafuta mahali ambapo sisimizi hawafiki. Huyu ni mtu wa Kate. Alihitaji mwanamume.

Vicent yuko na ekseli yake. Shemeji zangu wako na mahindi. Kila mwanamume pale wodini ni mgonjwa au ana mgonjwa wake. Mzee akafumba macho, akaanza kukoroma mkoromo mzito, na daktari alipomwita hakuitika upesi. Nikatoka korido kutafuta mwanamume kama mtu anayetafuta maji nyumba inaungua.

Nikamkuta amesimama kinyumenyume mlangoni.

"Mathias," nikasema, "huyo unayemuuguza humo ndani ni nani wako?"

"Mkwe wangu. Mama wa mke wangu." Alisema huku ametazama chini. "Alianguka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akavunjika paja. Mke wangu amejifungua majuzi, hawezi kuja. Mimi siwezi kuingia. Siwezi hata kumtazama, dada. Nesi anasema hataki kunywa maji, mkojo wake umekuwa mweusi, figo zitaharibika."

"Kwa nini hataki kunywa?"

Nilikuwa najua jibu. Naye alijua kwamba najua.

"Akinywa, atahitaji kusaidiwa," akasema. "Na aliyemleta ni mimi."

Mungu wangu, nilitaka kumkumbatia lile jitu. Siku zote zile nilikuwa namwona komeo la mlango, kumbe ni mimi mwenyewe niliyevaa suruali.

"Sikiliza, kaka. Wangu yuko kule, mwanamume. Wako yuko hapa, mwanamke. Wewe nenda ukamshike wangu, mimi nikamshike wako. Wewe si mkwe wa wangu, na mimi si mkwe wa wako. Twende."

Akafikiri kwa muda mfupi sana. Kisha akaegemeza fimbo yake ukutani, akaanza kukunja mikono ya shati.

Sikwambii kazi aliyoifanya Mathias wodi ile, kwa sababu sikuiona na sikutakiwa kuiona. Najua tu kwamba mtu aliyezoea kuzalisha ng'ombe hatishwi na uchafu. Nilimwona anapita na beseni, anarudi na beseni, shuka zinatoka, shuka zinaingia, na Munira anatembea nyuma yake anamwelekeza. Mara moja alinipungia mkono kutoka mbali, akatingisha kichwa. Bado.

Mimi nilikuwa kwa Bibi Getruda, mkwe wake Mathias. Kibibi chembamba, uso mkali, kimekauka midomo. Nikajitambulisha, nikamwambia mimi ni mtu baki kabisa, mke wa dereva, siingii kwenye ukoo wao kwa upande wowote. Alinihoji kama hakimu. Alipohakikisha kwamba hakuna undugu, akanyoosha mkono kwenye jagi la maji, akanywa bila kupumua. Akanywa tena. Tulipomaliza shughuli ya beseni akajilaza, akacheka peke yake.

"Mkwe wangu ni mtu mwema," akasema. "Ningekufa bila kumwaibisha."

"Msife, bibi," nikamwambia. "Mnatutesa na wema wenu."

Mchana ukapita, mzee anakoroma tu. Redempta akapiga tena, nikamwomba wasubiri mpaka kesho, na safari hii hakubisha. Jioni Munira akaniambia anafumbua macho akiitwa, ila bado anangoja ng'ombe wake waingie. Nililala kwa ndugu wa mgonjwa mwingine karibu na hospitali, yaani nililala chini nikiwa macho.

Kulipokucha nikachemsha uji, nikaingia wodi ya wanaume. Mathias alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya kitanda, macho mekundu, shati limeloa. Mzee ameegemezwa kwenye mto, mpira puani, macho wazi.

Nikachuchumaa pale mlangoni. Nikapiga makofi taratibu. "Shikamoo, baba."

Alinitazama. Nikangoja lile jina. Akaendelea kunitazama kwa muda, kisha nikaona kitu kinapita usoni kwake, kama mtu anayekumbuka kwamba hakuvaa viatu. Akavuta blanketi mpaka shingoni. Akageuza uso ukutani.

"Marahaba," akaujibu ukuta. Halafu akamwambia Mathias kwa sauti ya chini, yenye aibu ya kweli, "Kijana, mwambie Mama Obed asubiri nje. Sijakaa vizuri."

Nilitoka. Nilitoka mbio kuliko jana yake, nikamvaa Munira kwenye kona ya korido, karibu nimwangushe na makaratasi yake.

"Vipi? Anajua yuko wapi? Umemuuliza siku?"

"Sijamuuliza chochote. Amenifukuza."

Safari hii hakuhitaji kuelezwa. Alinishika mikono yote miwili, tukarukaruka pale kama watoto wa shule waliofunguliwa, daktari na koti lake jeupe, mimi na chupa ya uji. Kisha akakumbuka yeye ni nani, akajinyoosha, akaniambia kwamba makovu yapo palepale, na milango ile mingine bado inataka kulindwa, na dawa ni ya kila siku mpaka mwisho. Nikamwambia ndiyo, ndiyo, nimesikia, ndiyo. Nikampigia Redempta. Nikamwambia neno moja tu, kwamba baba amesema nisubiri nje, na nikamsikia anapiga vigelegele katikati ya shamba la mahindi.

Nikakaa kwenye baraza ya saruji, nje ya wodi. Upepo wa Ufipa ulinipiga usoni, nikajifunga kanga na kulia bila kujificha. Sijawahi kufukuzwa mahali nikafurahi namna ile. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo, na ndani nilimsikia Mathias, kwa ile sauti anayosemea na ng'ombe.

"Kunywa, mzee. Yote. Hapana, usiangalie huko. Dirisha nimelifunga."

Kisha nikasikia kikombe kinawekwa juu ya kabati, na mzee anaguna kwa utamu.